Furlong ni Jasiri? Soma Tena

Claire Keegan alizaliwa mwaka wa 1968, akalelewa shambani katika eneo la Wicklow, Ayalandi. Alipofika miaka 17 alienda kusoma New Orleans, Marekani. Riwaya yake fupi, Small Things Like These, ilitoka mwaka wa 2021 na ikashinda Tuzo ya Orwell ya bunilizi za kisiasa mwaka wa 2022. Hayo yanatosha. Mtahini hatoi alama kwa wasifu ambao hakuuliza.

Mandhari ni mji wa New Ross, mwaka wa 1985, Krismasi ikikaribia. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni. Ana mke, Eileen, na mabinti watano. Siku moja anapeleka makaa kwa watawa na kumkuta msichana amefungiwa ghalani. Kisa ni cha kubuni, lakini nyumba za aina hiyo zilikuwapo Ayalandi. Wanawake na wasichana, baadhi yao waliopata mimba nje ya ndoa, walifulishwa nguo humo bila malipo. Ya mwisho ilifungwa mwaka wa 1996. Serikali iliomba radhi mwaka wa 2013.

Sasa, ukiandika kwamba Furlong ni jasiri kwa kuwa anamwokoa msichana, umeruka nusu ya hadithi. Mara ya kwanza anamrudisha kwa watawa, anakunywa chai na mkuu wao, anapokea bahasha ya pesa na kwenda zake. Hoja hii wengi huikwepa kwa sababu wanampenda mhusika! Itaje, kisha ueleze woga wake: watawa wana usemi katika shule nzuri ya wasichana mjini, naye ana mabinti. Eileen anamtaka aachane na yasiyowahusu. Bi Kehoe, mwenye mkahawa, anamwonya vilevile.

Kinachomrudisha ni historia yake. Mamake alimzaa bila ndoa akiwa mtumishi wa Bi Wilson, mjane ambaye hakumfukuza. Msichana yule anaitwa Sarah. Mamake Furlong pia aliitwa Sarah. Mkesha wa Krismasi anamtoa ghalani na kutembea naye mjini watu wakitazama.

Eileen atasema nini? Hadithi inakwisha kabla ya jibu. Usimbunie.

Swali la mazoezi: "Furlong ni mwoga kabla ya kuwa jasiri." Thibitisha. (alama 20)