Boti kuukuu, injini mpya

Swali: Msomaji wa Lipingo, wilayani Nyasa, ana boti kuukuu ya mbao. Injini yake ya nguvu farasi 15 imekufa, naye anataka kufunga ya 40 hapo nyumbani. Aanzie wapi?

Jibu: Aanzie tezini, si dukani. Ubao wa nyuma unaobeba injini huwahi kuoza kwa sababu maji hupenya kwenye matundu ya bolti. Augonge kwa nyundo ndogo: mbao nzima hulia kavu, iliyooza hutoa sauti nzito na bisibisi huzama. Ikiwa umeoza, ung'olewe wote. Viraka ni kujidanganya.

Kisha apime kimo cha ubao huo. Injini ya mguu mfupi hutaka kama sentimita 38, ya mguu mrefu 51. Mguu ukiwa mfupi mno, pangaboi litakata hewa badala ya maji.

Na hiyo 40? Hapana. Boti iliyoundwa kwa 15 isibebeshwe zaidi, hasa upepo mkali wa mwera unapovuma.

Kubadili injini si kioja katika Ziwa Nyasa: Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilitolewa mtambo wa mvuke na kufungwa dizeli mwaka 1967.

Kabla ya kupakia abiria, aite wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).