ASILI HAIGUSWI: Somo la Kupanga Picha Kwenye Kompyuta

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Majuto yangu mimi yaliletwa na mjukuu hasa, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mnamo Machi 2024 chama chetu kilizuru nyanda za hapa Kitengela. Mzee mmoja alitusimulia jinsi nyumbu walivyokuwa wakitoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi msimu wa mvua, wakavuka Mto Mbagathi na kutapakaa hadi huku kwetu, kabla nyua na nyumba hazijaziba njia. Nilimpiga picha amesimama na rungu lake. Nyuma yake ua wa seng'enge na, mbali kidogo, mapaa ya mabati. Hadithi yake yote ilikuwa mle.

Tuliporudi nilitaka uso tu, wa kubandika kwenye ubao wa matangazo. Nikakata pembeni, nikapunguza ukubwa, nikabofya "hifadhi". Kwisha! Kadi ya kamera nayo nilikuwa nimeshaifuta. Muhula uliofuata tukapata habari kuwa mzee ametutoka. Mjukuu wake, mwanafunzi mwenzetu, akaja kuomba ile picha nzima ikuzwe kwa ajili ya mazishi. Nilichompa ni uso uliozidi kuvurugika kila ulipokuzwa. Hakusema neno. Jamani, afadhali angenikemea!

Je, kosa lilikuwa wapi? Enzi za filamu, picha iliposafishwa, mtu aliweza kuikata au kuitia giza kwenye karatasi, lakini negativu ilibaki vilevile. Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943, aliionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984. Alifariki mwaka wa 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka karibu na visiwa vya Komoro. Hata hivyo picha zake tunaziona mpaka leo, nyingine kwenye intaneti, kwa kuwa zilitunzwa. Sasa, picha ya dijitali haina negativu kando: faili iliyotoka kwenye kamera ndiyo negativu. Ukihifadhi juu yake, umeichoma kwa mkono wako.

Isitoshe, faili ya JPEG hupunguzwa uzito kwa kutupa sehemu ya maelezo ya picha. Kuitazama tu hakuidhuru, lakini kila ukiibadilisha na kuihifadhi upya, hutupa tena.

Basi tufanyeje? Hebu tufuate hatua hizi:

1. Kila safari iwe na folda yake, na ndani yake folda mbili: ASILI na ZILIZOHARIRIWA. Picha zikitoka kwenye kamera ziingie ASILI, zisiguswe.

2. Jina lianze na mwaka, mwezi, kisha siku, mfano 2024-03-16_Mbagathi_012. Hivyo kompyuta itazipanga kwa tarehe yenyewe. Iliyohaririwa ichukue jina lilelile na nyongeza: 2024-03-16_Mbagathi_012_ubao. Ukimwona mtoto, unamjua mzazi.

3. Ukihariri kwa programu ya kawaida, bofya "hifadhi kama", wala si "hifadhi".

4. Ziko programu za kutunza picha. Lightroom haigusi asili. Huandika maagizo tu ya mabadiliko katika daftari lake. digiKam, ambayo ni ya bure, inaweza kuhifadhi toleo jipya kando kwa kuongeza _v1 kwenye jina. Lakini ukitaka kuhamisha picha, zihamishe ukiwa ndani ya programu, la sivyo itazitafuta isizione.

5. Tia lebo: mahali, tukio, aliyemo. Picha isiyo na lebo ni kama kitabu kisicho na jalada.

6. Weka nakala ya ASILI kwenye diski nyingine, nayo isikae chumba kimoja na kompyuta. Mwizi akija hachagui. Na ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida hupunguzwa.

Wengine watasema, "Si asili zitajaza diski bure?" Naam, futa zilizotoka ukungu na zile zilizojirudia. Lakini usifute asili kwa sababu tu umeshapata kipande ulichokitaka leo. Mimi nilitaka uso. Mjukuu alimtaka babu yake mzima, na rungu lake, na nyanda zake.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini faili ya kwanza hulinganishwa na negativu?
(b) Taja tofauti ya "hifadhi" na "hifadhi kama".
(c) Chukua picha tano za chama, uzipe majina na lebo ipasavyo.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Ukipita chumba cha kompyuta, fungua folda ya ASILI uone, ila usiguse!