Mitambo ya upepo baharini: je, mvuvi atapata pa kupita?

SWALI: Nasikia Ulaya na Marekani husimika mitambo ya umeme wa upepo baharini. Je, wavuvi huruhusiwa kuvua katikati yake?

JIBU: Inategemea nchi, na zaidi inategemea zana. Ubelgiji imefunga maeneo ya mitambo kwa uvuvi. Uingereza haijakataza, lakini manahodha wengi wa nyavu za kukokota huyakwepa wenyewe, na wana haki. Wavu wa kukokota hufuata meli mamia ya mita kwa nyuma, tena huburutwa chini. Ukinasa kwenye kebo ya umeme au mawe yaliyomwagwa kuilinda, chombo kidogo kinaweza kupinduka. Mapanga yanayozunguka nayo huvuruga rada, jambo zito usiku wa ukungu.

Mvuvi wa mitego au mshipi ana nafuu. Pale Block Island, Marekani, penye mitambo 5 tangu 2016, samaki hukusanyika kwenye miguu ya nguzo na wavuvi wa mshipi huwafuata.

Jirani yake, upande wa Massachusetts, ubishi ulikuwa juu ya nafasi kati ya mitambo. Wavuvi walidai njia za kupita zenye upana wa maili 4 za baharini. Mwaka 2020 walinzi wa pwani walipendekeza mitambo ipangwe kwa mistari, maili 1 ya baharini kati ya mmoja na mwingine. Kwa maoni yangu, mazungumzo na wavuvi yalichelewa. Mvuvi aulizwe anakokota wapi, na mwezi gani, kabla ramani haijachorwa. Fidia pia iandikwe mapema, pamoja na ya nyavu zitakazochanika.