Muhula wa Kwanza wa Anayetaka Udaktari
Kijitabu kwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, na wazazi wao

Harusini, kanisani, hata msibani, mzazi akiulizwa mwanawe yuko wapi siku hizi hujibu kwa fahari: "Yuko chuo, anasomea udaktari." Dar es Salaam jibu hilo lingekuwa sahihi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) akapokelewa chuo cha Muhimbili huanza moja kwa moja miaka mitano ya udaktari, na Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka sita. Marekani, ukiacha programu chache zinazounganisha ngazi mbili, njia ni ndefu zaidi. Ni miaka minne ya shahada ya kwanza, kisha maombi, kisha miaka minne ya shule ya udaktari, halafu mafunzo ya kazi hospitalini yasiyopungua miaka mitatu.

Kwa hiyo kijana anayeanza chuo Agosti hii hasomei udaktari bado. Anaomba ruhusa ya kuusomea, na maombi yake yanaanza kuandikwa siku anayochagua kozi za muhula wa kwanza, hata kama fomu yenyewe ataijaza miaka mitatu baadaye.

Utaratibu huu una umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kuzungukia shule za udaktari za Marekani na Kanada. Alikuta nyingi zikipokea karibu yeyote mwenye ada. Akataka mwanafunzi afike akiwa tayari amesoma biolojia, kemia na fizikia chuoni. Orodha ya kozi utakayopewa na mshauri wako wa masomo ni mjukuu wa ripoti hiyo.

Neno "pre-med" lina maana gani

Vyuo vingi havina fani inayoitwa "pre-med". Neno hilo ni jina la safari tu. Fani kuu unaweza kuchagua yoyote, iwe biolojia, historia, uhasibu au muziki, mradi ukamilishe kozi ambazo shule za udaktari zinazitaka. Kwa kawaida ni biolojia ya mwaka mzima, kemia ya jumla ya mwaka mzima, kemia ogani, na fizikia ya mwaka mzima, zote zikiwa na maabara. Kisha baiokemia, uandishi wa Kiingereza, na hisabati au takwimu. Kila shule ina orodha yake, na zinatofautiana kidogo.

Wazazi wengi hufikiri fani ya biolojia inampa mtoto nafasi bora. Haimpi. Kamati ya uchaguzi inatazama alama zake kwenye kozi hizo na wastani wake wote. Kijana anayependa uchumi akaburuzwa kwenye biolojia atavuna C mahali ambapo angevuna A. Na fani kuu haihitaji kutajwa muhula wa kwanza. Vyuo vingi humpa mwanafunzi hadi mwisho wa mwaka wa pili.

Kemia ndiyo isiyosubiri

Ukiweza kubeba sayansi moja tu muhula wa kwanza, ibebe kemia ya jumla. Kozi za kemia zimefungwa kama mabehewa. Kemia ya jumla sehemu ya kwanza hufungua ya pili, nayo hufungua kemia ogani ya kwanza, kisha ya pili, kisha baiokemia. Hiyo ni mihula mitano, na huwezi kuchukua mbili kwa pamoja. Anayeanza Agosti ya mwaka wa kwanza hufika baiokemia mwanzoni mwa mwaka wa tatu, akafanya MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari, miezi michache baadaye, na kutuma maombi mwisho wa mwaka huo. Anayeanza kemia mwaka mmoja baadaye hajapotea; ataomba mwaka mmoja baadaye. Wengi wanaoingia shule za udaktari Marekani hawatoki chuo moja kwa moja, wamekaa nje mwaka mmoja au zaidi wakifanya kazi. Tunalisema hili kwa sababu tumeona vijana wakibeba mzigo usiobebeka kwa kuogopa kuchelewa.

Mlango wa kemia wenyewe ni hisabati. Kabla ya kujiandikisha, chuo hukupa mtihani wa kukupangia ngazi ya hisabati, mara nyingi kwa kompyuta, ukiwa nyumbani. Wanafunzi huufanya usiku wa manane, simu mkononi, kwa sababu wameambiwa "hauna alama". Hauna alama, lakini ukianguka unaweza kuzuiwa kemia muhula mzima. Rudia logarithimu, vipeo na milinganyo wiki mbili kabla, kisha ufanye mtihani asubuhi, baada ya usingizi.

Neno kwa waliosoma Kifaransa Kongo au Burundi: kemia yenu ni ile ile, majina ndiyo yamebadilika. Azote hapa ni nitrojeni, na alama yake inabaki N. Desimali inaandikwa kwa nukta, si mkato. Na maabara hutumia gramu na lita, kwa hiyo huko wenzako wa Marekani ndio watakaojikwaa.

Mzigo wa kiasi gani

Shahada huhitaji takriban krediti 120, yaani 15 kwa kila muhula. Mwanafunzi wa muda wote ni anayebeba 12 au zaidi. Kila krediti ni saa moja darasani kwa wiki na saa mbili za kujisomea. Krediti 15, basi, ni saa 45 kwa wiki. Maabara hudanganya hesabu hii: krediti moja inaweza kula saa tatu za kusimama mezani, na ripoti ya kuandika usiku. Ongeza kazi ya saa 20 kwenye ghala au nyumba ya wazee, umefika saa 65, hujapika wala hujampeleka mdogo wako shule.

Sasa tazama hesabu hii, ambayo tungependa ibandikwe kwenye friji. Mwanafunzi anachukua krediti 18 muhula wa kwanza: kemia, biolojia na kalkulasi kwa pamoja, na kozi nyingine juu yake. Anapata wastani (GPA) wa 2.6. Anashtuka, anajirekebisha, na kwa mihula mitano inayofuata anapata 3.8 katika krediti 15 kila muhula. Siku ya kuomba, wastani wake ni 3.57. Mihula mitano ya kazi nzuri haikutosha kufuta mmoja. Mwenzake aliyeanza na krediti 14 na kupata 3.8 tangu mwanzo anaomba akiwa na 3.8, na wastani wa wanaopokelewa unazidi 3.7. Mtu wa 3.57 bado ana nafasi, lakini itabidi alipie pengo hilo kwa MCAT ya juu au kwa mwaka wa ziada.

Wala usitegemee kurudia kozi. Chuo chako kinaweza kufuta alama ya zamani, lakini AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya shule nyingi za udaktari, huhesabu majaribio yote mawili. Pia hupiga wastani wa pembeni wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake.

Kosa jingine ni kupima alama kwa mizani ya nyumbani. Asilimia 70 ambayo Lubumbashi huitwa distinction na watu wakapongezana, hapa ni C. Kijana akileta 72 ya mtihani wa kwanza wa kemia nyumbani, familia inashangilia, yeye anaamini yuko salama. Soma silabasi ya kila kozi siku ya kwanza uone A inaanzia wapi.

Basi ratiba yenyewe? Kwa mwanafunzi wa kawaida tunapendekeza kemia ya jumla na maabara yake, krediti 4, hisabati ya ngazi uliyopangiwa, 3 au 4, uandishi, 3, utangulizi wa saikolojia, 3, na kama chuo kinayo, ile semina ndogo ya wanaoanza. Jumla ni 14 au 15. Aliyetoka sekondari yenye sayansi ngumu na asiyefanya kazi anaweza kuongeza biolojia na kupunguza kitu kingine. Sayansi mbili zenye maabara ndio mwisho. Tatu ni kujitafutia balaa, hata kama rafiki yako amezichukua.

Saikolojia haikuwekwa kupumzisha kichwa. Tangu 2015 MCAT ina sehemu nne, na moja nzima inapima saikolojia, sosholojia na misingi ya kibiolojia ya tabia. Biolojia nayo, tunasema wazi, ni kozi ya maneno. Kwa ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, kemia na hisabati huwa rahisi kuliko biolojia, kwa sababu alama na namba zinasaidia, ilhali biolojia humwaga msamiati mpya kila wiki. Mtu huyo aache biolojia hadi Januari, au hata mwaka wa pili. Uandishi asiuahirishe.

Ukiwa na krediti za sekondari za AP, uliza kwanza kabla ya kuruka kozi, kwa sababu baadhi ya shule za udaktari hazizikubali mahali pa sayansi zinazotakiwa.

Kiswahili chako

Vyuo vingi hudai lugha ya pili, na vijana wetu huanza Kihispania kutoka sifuri bila kuuliza. Uliza kama kuna mtihani wa kuthibitisha Kiswahili. Ukiupita, unaweza kusamehewa mihula kadhaa, na nafasi hiyo ukaipa takwimu. Vyuo kama Wisconsin–Madison, Indiana, Yale na Ohio University hufundisha Kiswahili. Anayekizungumza tangu utoto asitarajie kukaa darasa la wanaoanza ili avune A ya bure, kwani mwalimu atamgundua akisema "shikamoo" tu. Lakini darasa la juu, la kusoma na kuandika, ni halali kabisa, na wengi wetu tunazungumza vizuri kuliko tunavyoandika.

Mambo yakiharibika Oktoba

Kuna tarehe mbili za mwisho za kuacha kozi, na zote ziko kwenye kalenda ya chuo. Ya kwanza, mwanzoni mwa muhula, kozi unayoiacha inafutika kabisa. Ya pili, wiki kadhaa baadaye, unaweza kujitoa na transkripti ikaandika W. Herufi hiyo haiingii kwenye wastani. W moja ni bora kuliko D, ila W tatu zitahitaji maelezo. Kabla ya kujitoa, nenda ofisi ya msaada wa fedha. Ukishuka chini ya krediti 12, ruzuku ya serikali iitwayo Pell inaweza kupunguzwa, na ukiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, unaweza kudaiwa fedha ulizokwisha kutumia.

Kabla mambo hayajafika huko, zipo saa za ofisi, ambapo profesa hukaa akisubiri wanafunzi. Vijana wetu hawaendi. Wamelelewa kwamba kumsumbua mwalimu ni utovu wa adabu. Hapa kutokwenda ndiko kunakosomeka kama kutojali, na barua za mapendekezo utakazohitaji mwaka wa tatu huandikwa na maprofesa wanaokujua kwa jina. Nenda wiki ya pili, na swali moja mkononi.

Kwa wazazi

Chuo hakitawapigia simu. Sheria ya FERPA ya 1974 humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya rekodi zake, na kwa kawaida ninyi mnaolipa hamwezi kuona alama bila yeye kuridhia. Wengi hugundua hili Januari, mtoto akiwa tayari kwenye onyo la kitaaluma. Vyuo vina fomu ya ridhaa; ijazeni pamoja, kwa makubaliano, siyo kwa vitisho.

Jingine ni karatasi za uhamiaji. Shule nyingi za udaktari hazipokei mwanafunzi asiye raia wala mwenye green card, kwa hiyo jambo hilo lianze kushughulikiwa sasa. Mkimbizi aliyepewa hadhi rasmi anaweza kuomba, kama raia wa kipato cha chini, mpango wa AAMC, chama cha shule za udaktari, wa kupunguza gharama za MCAT na maombi.

Na ile zamu ya kazi ya Jumapili usiku, kama mtoto ana maabara Jumatatu saa mbili asubuhi, mwacheni aikose.