Somo: Je, Tuweke Programu za Majaribio Katika Simu Zetu?



Katika vikundi tunaulizwa swali hili: kijana amerudi nyumbani kutoka mjini, ameshika simu ya mama yake, anasema, "Mama, wacha nikuwekee beta. Utapata mambo mapya kabla ya watu wengine." Je, mama akubali ama akatae? Mwezi huu tujifunze jambo hili pamoja, polepole, hata yule ambaye hajui mambo ya kompyuta.

BETA NI KITU GANI?

Beta ni herufi ya pili ya Kigiriki, ya kwanza ni alfa. Watengenezaji wa programu huita alfa lile toleo la mapema wanalolijaribu wao wenyewe. Beta ni lile linalofuata, ambalo halijakamilika bado, lakini watu wa nje wanaalikwa walitumie na kusema makosa yako wapi.

Ni kama fundi anayejenga daraja. Kabla ya kumaliza anaita watu wachache wavuke, aone kama linatikisika. Anayevuka anamsaidia fundi. Lakini asivuke akiwa amebeba gunia la mahindi la kijiji kizima.

Kwa hiyo beta si wizi wala si kitu kibaya. Gmail, ile huduma ya barua ya Google, ilikaa na jina la beta tangu Aprili 2004 hadi Julai 2009, na watu wengi waliitumia. Tangu mwaka 2015 kampuni ya Apple inawaruhusu watu wa kawaida kujaribu matoleo ya iPhone kabla hayajamalizika. Google nayo hufanya hivyo kwa Android. Jina linatuonya tu kwamba kazi haijaisha.

AINA TATU, TUSIZICHANGANYE

1. Beta ya programu moja. Programu kama WhatsApp huwa na watu wa kujaribu, nao hujiandikisha ndani ya Play Store kwenyewe. Ikisumbua, mtu anaweza kujiondoa, aifute, halafu aweke ile ya kawaida. Hasara yake kwa kawaida ni ndogo, lakini kumbuka: ukifuta programu kabla ya kuweka nakala, unaweza kupoteza yaliyokuwa ndani yake.

2. Beta ya simu nzima. Hapa unabadilisha mtambo unaoendesha kila kitu: kupiga simu, ujumbe, kamera, chaji. Hii ndiyo nzito. Ukijiondoa katika beta ya Android kabla toleo kamili halijatoka, ili urudi kwa toleo la kawaida, simu inafutwa yote. Kwa iPhone ni hivyo hivyo, tena nakala uliyoiweka ukiwa ndani ya beta haikubali kurudishwa katika toleo la zamani. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi.

3. Kitu kinachoitwa beta na si beta. Ni yale mafaili yanayotumwa katika vikundi vya WhatsApp: "Weka hii, ni mpya, ina rangi nzuri." Hayatoki kwa mwenye programu, na hakuna anayejua kimewekwa nini ndani. WhatsApp imekuwa ikiwafungia kwa muda watu wanaotumia matoleo kama hayo. Google nayo hutoa beta ya Android kwanza kwa simu zake za Pixel, na watengenezaji wengine huwa nayo kwa aina chache tu. Basi mtu akisema ana beta inayoingia simu yoyote ile, muulize ameitoa wapi.

TUPIME: SIMU HII IMEBEBA NINI?

Swali la kwanza si kama wewe ni msomi ama si msomi. Swali ni simu imebeba nini, na ni ya nani.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa chama cha akina mama thelathini. Pesa yenyewe ya M-Pesa haikai ndani ya simu. Inakaa katika akaunti ya laini. Hata simu ikifutwa, ataweka laini katika kabambe, apige *334#, na pesa atazikuta. Hapo asiogope.

Lakini tuangalie kingine. Ujumbe wa michango uko katika simu. Picha za kitabu cha hesabu ziko katika simu. Kule WhatsApp ndiko Mama fulani alikoandika, "Zile mia tano ni zangu na za dada yangu." Taarifa ya M-Pesa anaweza kuiomba kwa kampuni, ndiyo, lakini itaonyesha tu nani alituma na kiasi gani. Haitaonyesha kwamba nusu ilikuwa ya dada. Siku ya kugawana pesa ikifika, ugomvi unaanzia hapo. Vyama vingi huvunjika kwa sababu watu hawaaminiani tena, hata kama hakuna aliyeiba shilingi.

Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa simu na serikali kuanzia mwaka 2023 kwa kuandika habari za nyumba wanazotembelea. Simu ya kazi si ya kujaribia. Na mzee ambaye watoto wake wote wako mbali, simu yake ndiyo njia yake ya kuita msaada usiku. Simu kama hiyo iachwe jinsi ilivyo.

Kampuni zenyewe zinasema hivyo. Apple huwashauri watu waweke nakala kwanza, na watumie simu ya pili, si ile wanayoitegemea. Google huonya kwamba beta inaweza kuwa na makosa yanayovuruga kazi ya simu. Programu za benki pia zinaweza kukataa kufunguka.

JE, SISI TUSISHIRIKI KABISA?

Hapana, hatusemi hivyo. Programu ikijaribiwa tu na watu wenye simu ghali na mtandao wa kasi, itatoka ikiwafaa hao. Nani atasema kwamba inamaliza bando, ama kwamba Kiswahili chake hakieleweki? Maoni ya mtu wa kijijini yana thamani. Lakini atoe akiwa amejipanga:

- Awe na simu ya pili ambayo hata ikizima leo, hakuna atakayelala njaa.
- Aweke nakala ya picha, namba na ujumbe kabla ya kuanza, na ahakikishe zinafunguka.
- Aipate kwa mwenye programu mwenyewe, si kwa faili la kutumiwa.
- Awe tayari kuandika makosa anayoyaona na kuyatuma. Asiyetuma maoni amebeba hasara bila kusaidia mtu.
- Ajue jinsi ya kutoka kabla ya kuingia.

Kama moja ya haya halipo, jibu ni: ngoja. Toleo kamili litakuja lenyewe, bila malipo.

Tahadhari moja: tusichanganye beta na masasisho ya kawaida. Simu ikikuletea sasisho la usalama, liweke. Hayo hufunga milango ambayo wezi huipitia. Kuyakataa kwa woga ni hatari nyingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Rekodi za kikundi chetu ziko wapi? Simu ya mweka hazina ikifutwa leo, tutajuaje nani amelipa?
2. Ni nani hugusa simu za wazazi wetu, na je, huwaeleza anachofanya kabla ya kubonyeza?
3. Tuamue jambo moja la kufanya kabla ya mkutano ujao. Kwa mfano: kitabu cha hesabu kiandikwe kwa kalamu pia, na wanachama wawili wawe na nakala.