Mashine ya Kukatia Ua na Maziwa ya Minyaa

Mvua zikikatika mwezi Mei, kazi ya kupunguza ua huanza. Mti mmoja unaopandwa sana nchini kwa ajili ya ua ni mnyaa. Hushika upesi kwa kuchomeka tawi tu, huvumilia kiangazi, na ng'ombe na mbuzi hawauli. Zamani tuliukata kwa panga. Siku hizi zipo pia mashine za petroli, za umeme na za betri. Mwezi huu tujifunze jinsi ya kuitumia na kuitunza mashine hiyo bila kupoteza kidole wala jicho.

HATARI IKO WAPI?

Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe, ambao wengi huuita maziwa. Wenzetu wa Kirando, watu wa ziwani, wataelewa upesi: utomvu huo umetumika sehemu nyingi kulevya samaki, jambo ambalo sheria inalikataza. Kama unaweza kumlevya samaki ndani ya maji, je, utalifanya nini jicho la mtoto? Hulichoma. Maumivu huweza kuanza kidogo, kisha yakazidi saa kadhaa baadaye: jicho huwa jekundu, hutoa machozi, na kuona kunafifia. Asiyetibiwa mapema anaweza kupata kovu kwenye kioo cha jicho.

Panga hukata tawi moja moja. Mashine ina meno mengi yanayokwenda kwa kasi, nayo hurusha matone na vipande kila upande. Kwa hiyo anayetumia mashine ajikinge zaidi kuliko mwenye panga.

KABLA YA KUWASHA

1. Vaa miwani inayofunika macho hadi pembeni. Miwani ya jua peke yake haitoshi. Vaa pia glavu, shati la mikono mirefu, suruali na viatu vya kufunika mguu. Ziba masikio, maana kelele ya injini huyadhuru.
2. Waondoe watoto na mifugo. Kagua ua usije ukawa na waya, misumari au mzinga wa nyuki.
3. Angalia upepo unatoka wapi, kisha simama ukiupa mgongo.
4. Jaza petroli nje ya nyumba, injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

WAKATI WA KUKATA

Shika mashine kwa mikono miwili na usimame imara chini, si juu ya stuli wala ngazi inayoyumba. Kama ni ya umeme, waya upite nyuma yako, na usikate wakati wa mvua au majani yakiwa na maji. Tawi likikwama, usilichomoe kwa vidole. Zima kwanza, ngoja meno yasimame, kisha ondoa waya wa plagi ya injini. Kama ni ya umeme, ichomoe ukutani. Ya betri, toa betri. Usijifute uso kwa glavu au kwa mkono wenye utomvu.

KUITUNZA MASHINE

Meno butu hayakati bali hutafuna matawi, na hapo utomvu huruka zaidi. Utunzaji, basi, ni sehemu ya kinga.

Kila baada ya kazi, ukiwa umezima na kutenga mashine kama tulivyoeleza, futa meno kabla utomvu haujakauka na kuganda. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinafaa, injini ikiwa imepoa. Kisha yapake oili nyepesi yasishike kutu. Kaza skrubu zilizolegea na safisha chujio la hewa. Injini nyingi ndogo za namna hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili ya tustroki. Fuata kitabu cha mashine: kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Petroli usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto ataidhania kinywaji.

UTOMVU UKIINGIA JICHONI

Usisugue. Osha mara moja kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 30. Mgonjwa alaze kichwa upande wa jicho lililoumia, na maji yatoke upande wa pua kwenda nje, yasiingie jicho la pili. Usitie maziwa ya mama, mkojo, majani, wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua, na mweleze mganga kwamba ni mnyaa.

Kwa jeraha la kukatwa, kandamiza kwa kitambaa safi na uinue mkono. Usitie majivu wala petroli. Kituoni uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, ndoo ya maji safi huwa karibu tunapokata ua?
2. Watoto wetu wanajua kwamba maziwa ya mnyaa si ya kuchezea?
3. Tukiazima mashine, tunaazima na miwani?