Bibi Katoka Kupasuliwa, Mbona Ananiita Jina la Marehemu Dada Yake?

Juzi alikuwa anakutania kuhusu mahari. Leo, siku ya pili tangu nyonga yake itengenezwe, anavuta mpira wa dripu na kuuliza kama mbuzi wamerudi. Pole, na usiogope. Wazee wengi huweweseka baada ya upasuaji, na mara nyingi hali hiyo hupita. Tena kuna mengi unayoweza kufanya wewe mwenyewe, kabla ya upasuaji na hata leo hii.

1. Mwaga siri mapema
Kabla ya upasuaji, mwambie daktari wa usingizi kila anachotumia mzee: vidonge vya kulala, Piriton ya mafua, hata ile glasi ya jioni. Pombe ikikatwa ghafla huweza kumchanganya mtu vibaya. Kama alishaanza kusahausahau, liseme na hilo. Mvute daktari pembeni, heshima ya mzee ibaki palepale.

2. Miwani kwanza, matunda baadaye
Miwani, kifaa cha kusikia na meno ya bandia huvuliwa kabla ya nusukaputi, kisha husahaulika kwenye droo. Hebu fikiria: unaamka chumba kigeni, huoni, husikii. Nani asingepiga kelele? Andika jina kwenye kasha, na akizinduka tu, mvishe. Mwaka 1999, Dkt. Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walionyesha matunda ya mambo haya madogo: miwani, maji ya kunywa, matembezi, usingizi mzuri na maongezi. Kati ya wazee waliolazwa wodini, walioweweseka walishuka kutoka 15 katika kila 100 hadi 10 hivi.

3. Usimpe mtihani
“Bibi, mimi nani?” Acha! Mpe jibu kabla ya swali: “Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako. Leo Jumanne asubuhi, tuko hospitali, nyonga imeshatengenezwa.” Rudia hata mara kumi. Akitaja mbuzi, usibishane. Muulize habari za mbuzi hao.

4. Mchana mwanga, usiku kimya
Fungua pazia, na nesi akiruhusu, mkalishe kitini na mtembee hatua chache. Usiku, simu zizimwe sauti.

5. Muogope mkimya
Hapa ndipo familia nyingi hupitwa. Anayepiga kelele huonekana, anayelala kutwa na kuacha uji upoe tunasema “amepumzika.” Huyo naye huenda amechanganyikiwa. Mwambie nesi leo: “Huyu si mama yetu tunayemjua.” Huenda ni maambukizi, mkojo uliokwama, dawa, au maumivu. Wazee wetu wamefunzwa kuvumilia, kwa hiyo muulize moja kwa moja wapi panauma. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, ita msaada papo hapo.

6. Hati ya shamba isubiri
Hata kuweweseka kukipita, kumbukumbu huweza kuchelewa kurudi. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 1998 uliwafuatilia watu wa miaka 60 na kuendelea waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Baada ya wiki moja, kama robo yao kumbukumbu na umakini vilikuwa vimeshuka. Baada ya miezi 3, mmoja kati ya 10. Basi wiki hizi asisainishwe chochote, na dawa zake zihesabiwe na mtu mwingine. Andika kwenye daftari anachosahau, na tarehe. Miezi 3 ikipita bila nafuu, nendeni nalo kliniki.